Uso Alioutia Maji Mahfoudha

Mahfoudha wa Mlaleo alikuwa mpambaji. Ukitaja mpambaji wa hina Kisauni nzima, huko Mombasa, hata ukafika Nyali kwa wenye majumba, umemtaja yeye. Bi harusi aliyenyoosha miguu mbele yake alijua hainuki mpaka maua yafike gotini, na alijua pia kwamba akitikisika atazabwa kofi la paja. Mama mtu akinung'unika, Mahfoudha alimnyooshea koni ya hina akamwambia, "Haya, mchore wewe." Mdomo wake ulikuwa upanga, lakini watu walimvumilia kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Na mkono huo ndio waliokuja kuukata.

Nani waliokuja? Vijana. Watu wa Kisauni hawahitaji kuelezwa. Ni wale wanaochomoza vichochoroni kwa kundi, kila mmoja na panga lake, wakamkata mwenye simu na asiye na simu, mzee na mja mzito, kisha wakayeyuka. Siku hiyo baada ya alasiri Mahfoudha alikuwa amempelekea chakula mdogo wake Hussam, aliyekuwa na duka la leso palepale Mlaleo, duka aliloachiwa na baba yao. Hussam yuko chini anakula, mkono umo kwenye wali, mara kijana akasimama mlangoni. Kijana msafi, kanyoa vizuri. Akamtazama Mahfoudha usoni akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mahfoudha akaitikia, maana ndivyo alivyolelewa.

Kumbe panga liko nyuma ya mguu. Likapanda, likashuka shingoni mwa Hussam, naye akalala kifudifudi juu ya sinia, wali wote ukawa mwekundu. Mahfoudha akapiga ukelele akamrukia yule kijana kwa mikono mitupu. Panga la pili lilikuwa la kichwa chake. Akalikinga kwa mkono wa kulia, likapita baina ya vidole likapasua kiganja hadi karibu na kifundo. Nje wenzake walikuwa wakivunja vioo na watu wakilia. Yule mwanaharamu akachomoa leso mpya rafuni, akajifuta damu usoni, akamtazama Mahfoudha mara nyingine bila haraka yoyote, akatoka zake. Hussam alikata roho kabla gari halijapatikana.

Hospitalini walimshona mkono. Vidole viwili vya mwisho vikabaki vimenyooka, havikunjiki, havisikii. Askari akaja kitandani kuuliza nani aliyeona. Mtaa mzima ulikuwa umejifungia, na waliokuwa nje walikuwa wakikimbia. Aliyemwona muuaji uso kwa uso ni Mahfoudha peke yake.

"Alikuwaje, mama?"

Mahfoudha akafungua kinywa. Si mrefu, si mfupi. Maji ya kunde. Kanyoa. Akajisikia mwenyewe anavyosema akaona haya, maana hapo alikuwa amewataja nusu ya vijana wa Kisauni. Askari akamwambia akikumbuka zaidi apige simu.

Akumbuke zaidi! Uso aliokuwa nao kichwani ulikuwa wazi, hata unywele wa nyusi aliuona. Shida ni kuutoa. Na alijua uso haukai. Mama yake mzazi, aliyemlea na kumfunza kazi ya hina, marehemu sasa, siku hizi Mahfoudha akijaribu kuikumbuka midomo yake hapati. Basi akaapa: wallahi uso wa yule kijana utatoka kichwani mwangu kabla haujafifia, na atakamatwa, na nitakaa mahakamani nimtazame anavyohukumiwa. Tangu hapo hakutaka kingine duniani. Chakula kilikuwa hakipiti, usingizi haukumjia, kilichomjia ni lile jambo moja tu.

Mtaalamu wa viungo alimwambia auzoeze mkono kwa kushika vitu vyembamba. Koni ya hina haikufaa, kwani inataka kukamuliwa, na nguvu ya kukamua ilikuwa imekwenda na panga. Israa, binti wa Hussam, ndiye aliyepata wazo. Alikwenda Nyali kwenye yale maduka makubwa akarudi na kisanduku cha bati.

"Ni penseli za rangi za maji, shangazi. Unachora kavu kama penseli hizi zetu, halafu unapitisha brashi yenye maji juu yake, inageuka rangi. Muuzaji kasema hata anayeanza anaweza."

"Anayeanza!" Mahfoudha akafyonya. "Nimechora wanawake wa Mombasa hii tangu wewe hujazaliwa, leo nimekuwa anayeanza?"

Lakini alikuwa anaanza kweli, na penseli zikamwonyesha. Karatasi ya kwanza aliimwagia maji mengi ikavimba, ikajikunja, rangi zote zikakutana zikawa tope. Ya pili alikandamiza ncha kwa hasira mpaka ikatoboa. Penseli ya kahawia ikiwa kavu ilikuwa rangi ya vumbi tu, haina lolote. Ikiguswa na maji, lo, inakolea kama chai ya rangi, na huwezi kuirudisha. Alitupa brashi ukutani. Alizitukana zile penseli na kiwanda chake. Mkono ulimuuma mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa mtandio akashika tena.

Taratibu akafahamu. Rangi nyepesi kwanza, nzito baadaye. Maji kidogo, ncha ya brashi tu. Subiri pakauke ndipo uongeze juu yake. Akachora jani, akachora sikio, akachora jicho. Israa alilitazama lile jicho akaondoka chumbani, maana lilikuwa linamtazama.

Kisha akauanza uso. Alikaa nao dirishani kila siku baada ya adhuhuri, mlango kaufunga. Paji, nyusi, ile pua nyembamba, ule mdomo uliotoa shikamoo. Kila mstari ulimrudisha dukani. Alikuwa akichora huku anamnong'oneza: "Toka, mbwa wewe. Toka nikuone." Na akatoka, wallahi. Siku alipomaliza kivuli cha chini ya jicho, Mahfoudha alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ni yeye.

Hapo ndipo mkono ulipomponza. Kila mpambaji anajua kwamba hina ikianza kukauka mwilini, unachovya pamba kwenye maji ya ndimu na sukari, unaigusagusa juu ya maua, rangi ishike ikolee. Mahfoudha alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Uso umekamilika, anautaka ukolee, mkono wenyewe ukachukua pamba, ukachovya kwenye kikombe cha maji, ukaanza kugusagusa juu ya karatasi. Akili ilipostuka, kahawia yote ya kile kivuli ilikuwa imeshateremka shavuni. Akanyakua pamba kavu kufuta, kama anavyofuta hina iliyokosewa. Ngozi hufutika, karatasi haifutiki. Ikachanika nyuzi, likabaki doa zito, linaanzia chini ya jicho linaishia kwenye taya.

"Ah, potelea mbali!" akasema kwa sauti. Macho yalikuwa mazima, mdomo mzima. Kesho atachora upya, bila doa, halafu ataupeleka kituoni. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa. Akauanika ule uso dirishani ukauke, akaenda kutawadha.

Israa akaingia kumletea chai. Mtoto wa watu alikuta uso wa muuaji wa baba yake unamtazama kutoka dirishani. Hakungoja, hakuuliza, nani angengoja? Akaupiga picha kwa simu akamtumia Hamdun, mtoto wa ami yao Mahfoudha na Hussam, mwenye duka la vyombo lililopakana na la Hussam. Hamdun ndiye aliyeiosha maiti ya Hussam kwa mikono yake, akaishona ile shingo kabla ya kumvika sanda, na tangu siku hiyo hajacheka. Akaituma picha kwa vijana wa mtaa. Mahfoudha akiwa bado yuko kwenye mswala anavuta tasbihi, picha ilikuwa imeshafika Bombolulu.

Na Mlaleo palikuwa na mtu mwenye alama shavuni, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya. Griffin, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa Bungoma, aliyeungua mtungi wa gesi ulipolipuka kazini. Alikuwa akitengeneza madirisha na mageti kando ya barabara. Geti la nyumba ya Mahfoudha ni kazi yake. Nyusi zake hazifanani na zile, pua yake pana, mdomo mwingine kabisa. Lakini watu wakishatafuta doa hawatazami pua.

Jirani wa Mahfoudha, Dama, alikuja mbio mpaka akapoteza kiatu kimoja. "Mahfoudha! Wamempata! Aliyemuua Hussam wamempata, wanaye pale mbele ya duka!"

Tuseme ukweli bila kupakana mafuta: Mahfoudha alifurahi. Furaha ilimpanda mpaka kichwani, furaha chungu, mbaya. Hakuuliza wamempataje. Akavaa buibui, akanyakua ile karatasi dirishani, na njiani akainama akaokota jiwe kwa mkono wa kushoto. Hakwenda kutambua mtu. Alikwenda kupiga.

Umati ulikuwa umejaa barabara nzima. Akapenya kwa viwiko, watu wakimpisha wakisema, "Huyu ndiye dada yake, mwacheni apite." Akafika katikati. Mtu alikuwa chini kwenye vumbi, shati limechanwa, mdomo umepasuka, jicho moja limekuwa donge la damu. Mmoja alikuwa akimpiga magoti kwa nondo aliyoichukua palepale kwenye karakana yake. Mwingine alikuwa anavingirisha tairi. Chupa ya petroli ilikuwa inapita mkono kwa mkono.

Mahfoudha akainua jiwe. Yule mtu akainua kichwa, akamwona.

"Mama!" akalia. "Mama wa geti! Waambie! Aki ya Mungu sijafanya kitu, waambie!"

Jiwe likamdondoka. "Huyu si yeye," akasema, hakuna aliyesikia. Akapiga kelele: "Huyu si yeye! Ni Griffin huyu! Hili doa ni maji, nimemwaga maji!" Akaipunga ile karatasi juu. "Nimekosea kuchora! Tazameni, karatasi imechanika hapa, ni maji tu!"

Kijana mmoja akamsogezea simu usoni. "Picha hii hapa, mama. Alama hii hapa. Hata kipofu anaona."

"Mimi ndiye niliyechora!"

"Ametishwa huyu," mtu akasema nyuma. "Wamemtisha, anaogopa. Muondoeni." Mikono ikamshika mabegani ikamvuta. Karatasi ikamponyoka, ikakanyagwa, ikasukumwa mtaroni kwenye maji machafu, na uso ulioigharimu nafsi yake ukaenda. Hata hakuutazama. Nondo iliinuka tena, na safari hii alisikia mfupa.

Akajirusha. Alimwangukia Griffin kifua kwa kifua, na pigo lililokuwa njiani likamshukia yeye begani. Akalia, akainuka akapiga magoti juu ya yule mtu, na mbele ya wanaume wote wa Mlaleo akavua mtandio wa kichwani, akavua na buibui, akamfunika nalo Griffin toka kichwa hadi miguu. Nywele zake, zilizoanza mvi, ambazo tangu avunje ungo hakuna mwanamume wa nje aliyeziona, zikamwagika mgongoni.

"Njoni!" akanguruma. "Njoni mnipige na kichwa wazi hivi! Hamdun! Uko wapi, Hamdun? Njoo umtie moto dada yako!"

Wanaume walikuwa wamekwisha kugeuza nyuso. Mwenye nondo alikuwa anatazama ukuta. Waliokuwa na mawe waliinamisha macho chini, na mawe yakawa yanaanguka moja moja. Mama zao na dada zao walipambwa na mwanamke huyu siku za harusi zao. Kumtazama hivi alivyo ni laana ambayo hakuna aliyetaka kwenda nayo nyumbani. Hamdun akaja kinyumenyume, anamnyooshea shati lake bila kugeuka.

"Dada, jisitiri. Kwa haki ya Mungu, jisitiri."

"Nijisitiri nini?" Mahfoudha akamwambia. "Nyinyi ndio mlionivua. Leta gari."

Gari likaja. Baada ya hapo, kama ilivyo ada, hakuna aliyekuwepo. Askari walipopita kuuliza nani aliyempiga fundi, kila mtu alikuwa ameifuta picha, kila mtu alikuwa yuko mjini siku hiyo, na tairi lilikuwa limejileta lenyewe. Israa naye alifuta yake, akajifungia chumbani.

Griffin hakufa. Jicho moja walishindwa kuliokoa, na mguu ukatiwa vyuma. Mahfoudha akawa anampelekea uji na supu, anakaa kando ya kitanda bila kuongea, yeye na mdomo wake wote ule. Siku moja Griffin akauliza, anatazama dari.

"Ni wewe ulichora?"

"Ni mimi."

"Na hiyo alama uliiweka ya nini?"

"Sikuiweka, mwanangu. Ilimwagika."

"Si ungewaambia mapema."

"Nilikuwa naswali."

Griffin akageuzia ukuta jicho lake lililobaki, na Mahfoudha akakusanya bakuli zake akaenda nyumbani.

Nyumbani zile penseli zilikuwepo. Alijaribu tena, ndiyo. Ule uso alikuwa anautaka bado, damu ya Hussam ilikuwa bado inadai. Akaanza na paji, rangi nyepesi kwanza, maji kidogo, kama alivyojifunza. Mkono ulikuwa umezoea sasa, mistari ilikwenda pale alipotaka. Lakini kila alipofika kwenye pua ilikuwa pana. Kila alipotia jicho lilivimba. Alichana karatasi ile akaanza nyingine, akafumba macho amtafute yule kijana mlangoni, na mlangoni pale alikuwa amesimama Griffin, mdomo umepasuka, anaita mama. Akazitia penseli kwenye bati lake akazifungia kabatini.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza askari walipompigia simu. Walikuwa wamewanasa vijana na mapanga huko Mtopanga, na mmoja wao alikuwa ametajwa na mwenziwe kwamba alikuwepo dukani kwa Hussam. Wanamtaka shahidi tu. Aje, wapangwe mstari, amguse begani aliyemwona. Akimgusa, huyo haendi popote.

Israa alimpeleka, akabaki nje kwenye benchi. Ndani walikuwa wamesimama vijana ubavu kwa ubavu, rika moja, kimo kimoja, wote wanatazama mbele. Mahfoudha akapita mbele yao polepole. Akarudi. Akasimama mbele ya mmoja aliyenyoa vizuri, ana pua nyembamba. Huyu? Yule kijana akameza mate. Kila mtu humeza mate akitazamwa hivyo. Mahfoudha akafumba macho kuutafuta ule uso aulinganishe, akautafuta kwa nguvu zake zote, na uliokuja ukawa na jicho moja. Akainua mkono. Ukafika karibu na bega, vile vidole viwili vimenyooka vyenyewe, na askari aliyekuwa kando akashusha pumzi.

Labda ni yeye. Labda. Na Hamdun naye, kwa Griffin, hakusema labda, alisema ni yeye.

Akaushusha mkono. "Simjui," akamwambia askari. "Hakuna ninayemjua hapa."

"Mama, mtazame vizuri. Tukimwachilia huyu hatumpati tena."

"Nimemtazama."

Nje Israa aliinuka kwenye benchi kabla hajafika. "Yuko wapi? Ni yupi, shangazi?"

"Sijui, mwanangu. Uso umenitoka. Sina tena uso wa aliyemuua baba yako."

Israa akamtazama kama hasikii. Kisha akaanza kumpiga, ngumi za kifua, ngumi za mabega, palepale mbele ya kituo, watu wanaona. "Si ungemgusa yeyote!" akapiga kelele. "Yeyote tu, shangazi! Wote ni wao! Ungemgusa yeyote!"

Mahfoudha akamzaba kofi. Kofi la mkono wa kulia, ule mbovu, lililomwangusha mtoto chini, kando ya benchi. Maumivu yakampanda mpaka kwapani. Halafu akakaa chini kando yake kwenye saruji yenye maji ya mvua, akamkumbatia kichwa, wakamlilia Hussam.